Ifahamu Chenin Blanc: zabibu moja, mvinyo wa namna sita

Na Mwandishi Wetu, Kampala

Katika maduka ya jumla ya Kikuubo na kwenye rafu za supamaketi za hapa Kampala, jina Chenin Blanc linaonekana kwenye chupa za bei ya chini kabisa na pia kwenye chupa zinazouzwa mara kumi ya bei hiyo. Limeandikwa kwenye mvinyo mkavu, kwenye mvinyo mtamu kama asali, na hata kwenye mvinyo wenye mapovu. Zabibu ni ile ile. Bidhaa iliyomo ndani ya chupa ni tofauti kabisa.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mfanyabiashara anayeagiza kwa kutazama jina la zabibu peke yake anaweza kufungua kontena na kukuta mvinyo ambao wateja wake hawaunywi. Wakati huo ushuru umeshalipwa, stempu za kodi zimeshabandikwa, na gharama ya kuurudisha mzigo Cape Town ni kubwa kuliko thamani yake. Kinachobaki ni kuuza kwa hasara au kusubiri, na mvinyo mweupe wa bei nafuu haupendi kusubiri.

Makala haya yanamweleza mfanyabiashara na msafirishaji zabibu hii ni nini, mvinyo wake una mitindo gani, lebo inasomwaje, na mzigo wake unahitaji uangalizi gani kutoka bandarini au Dodoma hadi ghalani.

ZABIBU YENYEWE

Chenin Blanc ni zabibu nyeupe yenye asili ya bonde la mto Loire nchini Ufaransa, hasa eneo la Anjou. Neno la pili, "Blanc", maana yake ni nyeupe tu, na herufi yake ya mwisho haitamkwi. Huko Loire baadhi ya watu huiita Pineau de la Loire. Afrika Kusini iliitwa Steen kwa muda mrefu, na jina hilo bado hukutwa kwenye baadhi ya chupa.

Wateja wengi huichanganya na Sauvignon Blanc kwa sababu ya neno hilo "Blanc". Hizi ni zabibu mbili tofauti. Sauvignon Blanc hunukia majani mabichi na karibu daima huwa mvinyo mkavu. Chenin hunukia tufaha, peasi, asali, na wakati mwingine nanasi au pera, na yenyewe inaweza kuwa kavu au tamu.

Sifa kubwa ya Chenin ni uchachu. Zabibu nyingi zikiivia kwenye joto hupoteza uchachu wao, na mvinyo wake huwa mzito na wa kuchosha mdomoni. Chenin huuhifadhi hata jua likiwa kali. Ndiyo sababu imeshamiri Rasi ya Afrika Kusini, bonde kuu la California, Nashik nchini India, bonde la São Francisco huko Brazil, na pia Dodoma nchini Tanzania.

Sifa ya pili ni kwamba mzabibu wake huzaa sana. Mkulima akiuacha uzae apendavyo, anapata tani nyingi za zabibu zenye ladha hafifu. Akiupunguza, anapata zabibu chache zenye ladha nzito. Sehemu kubwa ya tofauti ya bei ambayo msomaji anaiona dukani inaanzia hapo shambani, kabla hata ya kufika kiwandani.

ILIVYOFIKA AFRIKA

Waholanzi walianzisha kituo chao Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652 chini ya Jan van Riebeeck, na mvinyo wa kwanza ulikamuliwa huko tarehe 2 Februari 1659. Inaaminika kuwa Chenin ilikuwa miongoni mwa miche ya mwanzo kuletwa. Kwa karne tatu wakulima waliiita Steen bila kujua kuwa ni zabibu ile ile ya Loire. Ilikuwa katika miaka ya 1960 ambapo Profesa C. J. Orffer wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alilinganisha majani ya mizabibu hiyo na kuthibitisha kwamba Steen ni Chenin Blanc.

Biashara yake kubwa ilianza mwaka 1959, pale kampuni ya Stellenbosch Farmers' Winery ilipotoa mvinyo ulioitwa Lieberstein. Ulikuwa mvinyo mweupe wenye utamu kiasi, wa bei nafuu, uliotengenezwa zaidi kwa Steen. Teknolojia ya kuchachusha kwa ubaridi ilikuwa imeingia nchini humo muda mfupi kabla, na iliwezesha mvinyo mweupe kubaki na harufu yake ya matunda licha ya joto. Mauzo ya mwaka wa kwanza yalikuwa kama lita 30,000. Ilipofika mwaka 1964 yalikuwa lita milioni 31, na Lieberstein ukatajwa kuwa mvinyo wa chupa uliouzwa zaidi duniani wakati huo.

Zabibu hiyo hiyo ilikuwa pia malighafi ya brandi, na bado ni moja ya zabibu kuu zinazokenekwa kwa kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilifunika karibu theluthi moja ya mashamba ya mizabibu ya Afrika Kusini. Vikwazo vya kimataifa vilipoondolewa na soko la nje kufunguka, wakulima wengi waling'oa Chenin na kupanda zabibu nyekundu zilizotakiwa Ulaya. Leo inafunika chini ya moja ya tano ya mashamba, lakini bado ni zabibu inayoongoza kwa eneo nchini humo, na Afrika Kusini ina Chenin nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, ikiwemo Ufaransa.

Mizabibu iliyosalimika ilizeeka, na uzee huo umegeuka kuwa mali. Tangu mwaka 2018 taasisi iitwayo Old Vine Project hutoa muhuri maalumu kwa mvinyo unaotokana na mizabibu yenye umri wa miaka 35 au zaidi, na sehemu kubwa ya mizabibu hiyo ni Chenin. Chupa yenye muhuri huo iko kwenye kundi jingine la bei, na haifai kupangwa pamoja na chupa za kawaida.

MITINDO SITA

Wazalishaji wa Afrika Kusini wamezoea kuigawa Chenin katika mitindo sita. Mgawanyo huu unafaa pia kwa mfanyabiashara wa huku kwetu, kwa sababu kila mtindo una mteja wake na muda wake wa kukaa ghalani.

1. Mbichi na wa matunda. Huchachushwa kwa ubaridi ndani ya matangi ya chuma na kutiwa kwenye chupa mapema. Ni mwepesi, una harufu ya tufaha la kijani na uchachu wa kuamsha ulimi. Hunywewa baridi, nyuzi 8 hadi 10. Hii ndiyo Chenin inayouzwa kwa wingi zaidi. Unafaa kunywewa ndani ya miaka miwili au mitatu tangu mavuno.

2. Mzito usiopitishwa kwenye pipa. Zabibu huachwa ziive zaidi, na mvinyo hukaa juu ya mashapo ya hamira kwa miezi kadhaa ili upate unene. Ladha yake ni ya peasi mbivu na pichi. Hustahimili kukaa miaka mitatu hadi mitano.

3. Mzito uliopitishwa kwenye pipa. Huu hukaa ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni na kupata ladha ya vanila na njugu. Hununuliwa na hoteli na mikahawa mikubwa. Mteja asiyeuzoea hudhani umeharibika, kwa hiyo usiupeleke kwenye duka la rejareja la mtaani.

4. Wenye utamu kiasi. Sehemu ya sukari ya zabibu huachwa bila kuchachuka. Uchachu wa Chenin huusawazisha utamu huo ili usikinaishe. Huu ndio uliokuwa mtindo wa Lieberstein, na ndio mtindo ambao mnywaji mpya wa mvinyo huukubali kwa urahisi zaidi.

5. Mtamu wa mwisho wa mlo. Zabibu huachwa juu ya mzabibu hadi zinyauke, au hadi zishikwe na ukungu uitwao Botrytis cinerea, ambao hunyonya maji na kuacha sukari. Mavuno ni kidogo na kazi ni nyingi, kwa hiyo bei ni kubwa na mara nyingi chupa ni ndogo, za mililita 375. Mwaka 1969 kampuni ya Nederburg ilitengeneza mvinyo wa aina hii kwa Chenin na kuuita Edelkeur, na mnada maarufu wa Nederburg ulioanza mwaka 1975 ulianzishwa kwa ajili ya kuuuza. Mvinyo wa namna hii huweza kukaa miongo kadhaa.

6. Wenye mapovu. Huchachushwa mara ya pili ndani ya chupa. Afrika Kusini mtindo huo huitwa Cap Classique, na huko Loire huitwa Crémant de Loire. Chupa yake ni nzito kwa sababu ya msukumo wa gesi ulio ndani.

Kwa wale wanaoagiza kutoka Ufaransa, mambo ni magumu zaidi kwa sababu lebo nyingi haziandiki jina la zabibu. Zinaandika mahali. Vouvray na Savennières ni Chenin. Vouvray inaweza kuwa kavu, tamu au yenye mapovu. Savennières huwa kavu mara nyingi. Coteaux du Layon, Bonnezeaux na Quarts de Chaume ni Chenin tamu.

JINSI YA KUSOMA LEBO

Neno la kwanza la kutafuta ni lile linaloeleza sukari. Kwenye chupa za Ufaransa, "Sec" ni kavu, "Demi-Sec" ni yenye utamu kidogo, "Moelleux" ni tamu, na "Doux" ni tamu zaidi. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, mvinyo wa kawaida usio na mapovu huitwa mkavu ukiwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au hadi gramu 9 iwapo uchachu wake ni mkubwa vya kutosha. Mvinyo mtamu kabisa huanzia gramu 45.

Kwenye chupa za Afrika Kusini, "Dry" ni kavu na sukari haizidi gramu 5 kwa lita. "Off-Dry" ina utamu wa mbali, "Semi-Sweet" ina utamu kiasi, "Natural Sweet" ni tamu, na "Noble Late Harvest" ni ile ya zabibu zilizoshikwa na ukungu.

Tahadhari moja: lebo nyingi za Chenin ya bei nafuu hazina neno lolote la sukari mbele. Geuza chupa, na kama nyuma pia hapana, mwombe muuzaji karatasi ya vipimo vya maabara. Kila kiwanda makini kinayo. Humo utakuta sukari iliyobaki, uchachu na kiwango cha kilevi. Namba ya sukari kwa lita ndiyo itakayokuambia kama mzigo huo ni wa wateja wako, kuliko maneno yote ya matangazo.

Jambo la pili ni mwaka wa mavuno. Rasi huvuna Chenin kati ya mwishoni mwa Januari na Machi, na mvinyo mbichi huanza kusafirishwa katikati ya mwaka huo huo. Mtu akikuletea ofa ya Chenin ya kawaida yenye punguzo kubwa, tazama mwaka kwanza. Punguzo la nusu bei kwa mvinyo wa mtindo wa kwanza wenye umri wa miaka mitano ni dalili kwamba muuzaji anahamishia hasara yake kwako.

Jambo la tatu ni asilimia ya zabibu. Afrika Kusini na Umoja wa Ulaya, mvinyo ukiandikwa jina la zabibu moja lazima uwe na angalau asilimia 85 ya zabibu hiyo. Chupa ikiandikwa majina mawili, kwa mfano Chenin na Colombard, ni mchanganyiko, na bei yake hulinganishwa na michanganyiko mingine.

CHENIN YA JIRANI: DODOMA

Msomaji wa Kampala huenda asijue kuwa Chenin inalimwa ndani ya Jumuiya yetu. Dodoma, iliyo kwenye nyuzi kama sita kusini mwa ikweta na mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, ina ukame na jua la kutosha kwa mzabibu. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu huko katika miaka ya 1950, na baadaye kilimo hicho kikaenea hadi magerezani na kwa wakulima wadogo. Zabibu kuu za mvinyo huko ni Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe. Kituo cha utafiti cha Makutupora, kilicho chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya TARI, ndicho kinachoshughulikia zao hilo.

Tofauti kubwa na Ulaya ni kwamba Dodoma haina majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima huuamsha kwa kuupogoa, na hivyo huvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti. Kwa mnunuzi hii ina maana kwamba mvinyo mpya unapatikana mara mbili kwa mwaka. Ina maana pia kwamba mavuno mawili ya mwaka mmoja hayafanani, kwa kuwa moja huivia karibu na mvua na jingine wakati wa kiangazi. Ukiagiza tena, uliza mvinyo umetokana na mavuno yapi.

Wakulima wa Dodoma wamelalamika mara nyingi kwamba zabibu zinawaozea kwa kukosa wanunuzi wakati wa mavuno. Zabibu ya mvinyo haihifadhiki. Suluhisho ambalo limekuwa likitumika ni kuikamua na kuiuza ikiwa mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo usiotiwa kwenye chupa, kwa viwanda vikubwa. Kwa mkulima, mnunuzi wa ziada ng'ambo ya mpaka ni jambo la maisha. Kwa mfanyabiashara wa Uganda, ni nafasi ya kupata bidhaa iliyo karibu na yenye unafuu wa forodha, mradi ubora ukaguliwe kila mzigo.

KODI NA ASILI YA MZIGO

Mvinyo wa zabibu uko chini ya msimbo wa forodha 2204. Wenye mapovu ni 2204.10. Ulio kwenye chombo kisichozidi lita 2, yaani chupa za kawaida, ni 2204.21. Ulio kwenye chombo cha zaidi ya lita 2 hadi lita 10, kama yale maboksi yenye mfuko na bomba, ni 2204.22. Mkubwa kuliko huo ni 2204.29. Kosa la msimbo husimamisha lori mpakani, na siku za kusubiri hulipiwa na mwenye mzigo.

Tangu tarehe 1 Julai 2022 Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Afrika Mashariki una viwango vinne: sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35. Vinywaji vilitajwa miongoni mwa bidhaa za kiwango hicho cha juu. Mvinyo wa Afrika Kusini huingia Uganda kama bidhaa ya nje ya Jumuiya. Mvinyo wa Dodoma wenye cheti cha asili cha Jumuiya hauchajiwi ushuru huo wa forodha. Wote wawili hulipa ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18.

Kuna mtego ambao umewanasa wengi. Tanzania na Afrika Kusini zote ni wanachama wa SADC, kwa hiyo mvinyo wa Rasi unaweza kuingia Tanzania kwa unafuu. Unafuu huo hauvuki Mutukula. Mzigo huo ukifika Uganda unahesabiwa kuwa wa Afrika Kusini na kutozwa kiwango kamili. Kuujaza tu kwenye chupa ndani ya Jumuiya na kubandika lebo mpya hakubadilishi asili yake, kwa sababu kanuni za asili haziuhesabu ufungashaji mwepesi kuwa uzalishaji. Wanaotazamia Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, ambalo Afrika Kusini ilianza kufanya biashara chini yake tarehe 31 Januari 2024, wamuulize wakala wa forodha kama msimbo wao umo kwenye orodha kabla ya kupanga bei.

Ushuru wa bidhaa nao una hesabu yake. Sheria ya Uganda huweka asilimia ya thamani na pia kiasi cha shilingi kwa lita, na kinachotozwa ni kile kilicho kikubwa. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kiasi ni shilingi 8,000 kwa lita na asilimia ni 80. Chupa ya mililita 750 haitalipa chini ya shilingi 6,000. Chupa yenye thamani ya shilingi 5,000 ingelipa 4,000 kwa asilimia, lakini italipa 6,000, yaani zaidi ya thamani yake. Chupa yenye thamani ya shilingi 20,000 italipa 16,000, sawasawa na asilimia 80. Maana yake ni kwamba mvinyo wa bei ya chini sana ndio unaobebeshwa mzigo mkubwa kwa uwiano, na kuongeza dola moja kwenye ubora mara nyingi huongeza bei ya rafu kwa kiasi kidogo kuliko mtu anavyodhani. Viwango hubadilika katika bajeti, hivyo pata cha mwaka husika kutoka Mamlaka ya Mapato, URA.

Mvinyo uliotengenezwa kwa malighafi ya Uganda hutozwa kiwango cha chini zaidi. Wanaoleta mvinyo wa nchi wanachama wanapaswa kujua kuwa mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, katika kesi ya sigara iliyofunguliwa na British American Tobacco Uganda, iliamua kwamba kuitoza bidhaa ya nchi mwanachama ushuru wa juu kuliko ya nyumbani ni kinyume cha Mkataba wa Jumuiya.

Tangu Novemba 2019 mvinyo unaouzwa Uganda lazima uwe na stempu ya kodi ya kidijitali. Bidhaa zenye alama ya ubora ya TBS au KEBS hutambuliwa na shirika la viwango la Uganda, UNBS, chini ya mpango wa Jumuiya. Mzigo wa kutoka nje ya Jumuiya unahitaji cheti cha ukaguzi kabla ya kusafirishwa.

KWA MSAFIRISHAJI

Chupa ya kawaida iliyojaa ina uzito wa kilo 1.2 hivi, na katoni ya chupa 12 kama kilo 15. Kontena la futi 20 hubeba kiasi cha katoni elfu moja zikipangwa bila paleti. Mchuzi usiotiwa kwenye chupa husafirishwa kwa mfuko mkubwa wa lita 24,000 unaotandazwa ndani ya kontena la ukubwa huo huo. Gharama ya kila lita hushuka, lakini mfuko ukipasuka hakuna cha kuokoa.

Adui wa Chenin ni joto. Mvinyo mweupe unapendelea nyuzi 12 hadi 18. Kontena la chuma likisimama juani Mombasa, ndani yake hupita nyuzi 50 mchana. Mvinyo hutanuka, husukuma kizibo, na chupa huanza kuvuja shingoni. Kisha lori linapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku ni baridi, na mvinyo husinyaa na kuvuta hewa ndani. Mvinyo uliopitia hayo hubadilika kuwa wa manjano iliyokolea na hunukia tufaha lililooza. Mteja hatajua sababu. Atajua tu kwamba chapa hiyo ni mbaya.

Mambo yanayosaidia si ghali. Kontena litandikwe kitambaa cha kuzuia joto. Katoni zisigusane na dari. Lori lisiachwe mwishoni mwa wiki kwenye yadi isiyo na kivuli, na nyaraka za Malaba au Busia ziwasilishwe mapema chini ya Himaya Moja ya Forodha ili lori lisilale mpakani. Kwa mizigo inayoendelea hadi Juba kupitia Elegu, au Kongo kupitia Mpondwe, chagua chupa zenye kifuniko cha kuzungusha badala ya kizibo cha gome. Mzigo wa kupitishwa ulio chini ya lakiri ya kielektroniki usifunguliwe njiani kwa sababu yoyote, hata kama dereva anaona katoni zinavuja. Atoe taarifa kwanza.

Ghalani, chupa za kizibo cha gome zilazwe, za kuzungusha zinaweza kusimama. Zote ziwe mbali na dirisha. Kampala ina bahati ya mwinuko wa karibu mita 1,200, na chumba chenye kuta nene na hewa ya kutosha kinatosha kwa mzigo unaotoka ndani ya miezi michache.

NANI HUNUNUA NINI

Sherehe za kwanjula na harusi hutaka mvinyo wenye utamu kiasi, na wenye mapovu kwa ajili ya kugonganisha glasi. Mikahawa ya samaki na ya vyakula vya Kihindi hufanya vizuri na Chenin mbichi kavu au yenye utamu wa mbali, kwa sababu uchachu husafisha mafuta na utamu kidogo hutuliza pilipili. Hoteli kubwa huhitaji chupa chache za mtindo wa tatu na wa tano. Parokia huhitaji mvinyo wa zabibu tupu, kwa kuwa Kanisa Katoliki halikubali mvinyo wa tunda jingine altareni, na hununua kwa mpangilio mwaka mzima.

Anayeanza asiagize kontena zima la mtindo mmoja. Achukue mzigo wa kuchanganya, sehemu kubwa iwe ya utamu kiasi, kisha aandike kila wiki kipi kimetoka na kwa mteja gani. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litamwongoza vizuri kuliko ushauri wa muuzaji yeyote.

KABLA YA KULIPA

Muulize muuzaji maswali haya na upate majibu kwa maandishi: Sukari iliyobaki ni gramu ngapi kwa lita? Mavuno ni ya mwaka gani, na kama ni Dodoma, ni mavuno yapi? Kizibo ni cha aina gani? Zabibu zimelimwa wapi, na cheti cha asili kitatolewa na nani? Mzigo utasubiri wapi kabla ya kupakiwa, na kwa siku ngapi? Nani anabeba hasara ya chupa zitakazovuja?

Omba pia chupa mbili za sampuli kutoka kwenye mzigo wenyewe utakaopakiwa. Moja ionje pamoja na wateja wako wawili au watatu wa kawaida. Nyingine iweke mahali pa baridi na giza hadi kontena lifike, kisha zilinganishe. Zikitofautiana, utakuwa na ushahidi mkononi kabla hujasaini kupokea mzigo.